Unaomba nafasi ya wakili mwanafunzi London? Futa jina la kampuni kwanza

Kwa unayesoma Uingereza na unayezitaka zile kampuni kubwa za mawakili wa biashara: ukishaandika barua ya maombi, futa jina la kampuni uweke la mshindani wake. Linklaters ikitoka, Clifford Chance ikiingia, barua bado inasomeka vizuri? Basi hujaiandika.

"Navutiwa na sifa yenu ya kimataifa" haisemi kitu, zote ni za kimataifa. Tafuta mkataba mmoja waliousimamia karibuni, tuseme mkopo wa mradi wa umeme, kisha eleza: mkopeshaji alihofia nini? Sarafu kushuka? Serikali kubadili sheria katikati ya mradi? Na hasara hiyo ikitokea, mkataba unambebesha nani? Sentensi tatu za namna hiyo zinatosha. Kama umewahi kukaa dukani kwa mjomba ukahangaika na madeni ya wateja sugu, iandike pia. Watu huificha, sijui aibu ya nini, wakati biashara ndiyo hiyo.

Anza mapema, kwa sababu nyingi huajiri kama miaka 2 kabla ya siku ya kuanza kazi. Mafunzo nayo ni miaka 2, kwa kawaida idara 4 za miezi sita sita. Aliyesoma fani nyingine naye anaruhusiwa kuomba. Kama una viza ya mwanafunzi, hakikisha kabla ya kutuma kwamba wanadhamini viza ya kazi.