Jinsi ya kuzima notifikesheni zinazosumbua kwenye kompyuta

Mtu yuko Wandegeya, Kampala, anachapa ripoti ya watu, kila saa kimeseji kinaruka pale chini kulia, ting, mara kompyuta yako ina virusi, mara maliza kuseti Windows, mpaka anasahau alikuwa amefika wapi. Hii kitu inaisha kabisa jamani, ila kwanza ujue nani anakutumia, maana wengi wanazima zote kwa hasira na zile za maana nazo zinapotea.

Ikiruka usiifunge haraka, isome. Ukiona jina la Chrome na jina la tovuti usiyoijua, hiyo siyo Windows na wala siyo virusi, ni tovuti uliyoiruhusu mwenyewe, labda ulikuwa unatafuta muvi au mpira wa bure ikakwambia bonyeza hapa tujue wewe si roboti. Usibonyeze chochote ndani yake na usimpe fundi hela akupigie Windows upya kwa sababu ya hiyo tu. Fungua Chrome, kule juu andika chrome://settings/content/notifications gonga enta, teremka utakuta listi ya zilizoruhusiwa, bonyeza nukta tatu za kila moja uizuie. Halafu palepale juu chagua tovuti zisikutumie kabisa. Hapo mimi sina huruma, sijaona tovuti yenye haki ya kumpigia mtu kelele akiwa kazini.

Kama ni Windows yenyewe, shika kitufe cha Windows na I, ingia Sistemu, halafu Notifikesheni, utaona listi ya programu, zima moja moja zile usizotaka. Kwenye Windows 11 shuka mpaka mwisho kabisa, kuna setingi za ziada zimejikunja, zifungue utoe tiki zote mle, hizo ndizo zinaleta mapendekezo na ile ya maliza kuseti. Windows 10 viboksi vyake viko juu ya listi.

Ile ya Windows Security, inayolinda kompyuta, usiiguse. Ya betri pia iache, umeme ukikatika ndiyo itakuambia laptop inakaribia kuzima, usevu kazi mapema. Na Windows 10 ikikukumbusha kwamba sapoti yake iliisha Oktoba 14, 2025, hiyo ni kweli, si matapeli.

Nyinyi mnaoendesha projekta kanisani, meseji ya mtu isitokee juu ya wimbo watu wote wakaisoma: kabla ya ibada bonyeza Windows na N, gonga ile kengele, inanyamaza mpaka uirudishe. Kwa Windows 10 ni Windows na A, halafu kile kitufe chenye mwezi.

Za apdeti nazo usizizime, kama shida ni bando kuisha fungua setingi za Wi-Fi, ingia kwenye hotspoti ya simu yako, uiambie Windows kwamba mtandao huo unapimwa (metered connection), yaani data yake ni ya kuhesabu, itapunguza kuvuta apdeti mpaka ufike penye Wi-Fi ya ofisi.