Somo: Kumtambua mtengenezaji wa shanta la jeshi la Uingereza

Jumapili iliyopita, kwenye soko la wazi nje kidogo ya Leicester ninakoishi, muuzaji mmoja alininyoshea shanta la turubai akaniambia kwa fahari, "Hili la kampuni ya mshale." Hakuna kampuni ya mshale. Ule mshale mfupi wa mistari mitatu inayokutana juu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na tangu sheria ya 1875 kuupiga bila idhini ni kosa. Mshale unakwambia mali ilikuwa ya nani. Aliyeishona utamkuta kwenye herufi ndogo zilizo jirani na huo mshale, na hizo ndizo huwa zimefifia.

Mimi ni fundi wa mikoba, si mwanahistoria. Haya niliyoyaandika nimeyapata kwa kushika mali yenyewe na kwa kukosea.

Hatua ya 1: Usilifue

Najua linanuka ghala na panya. Vumilia. Shanta langu la kwanza nilililoweka usiku kucha kwenye ndoo ya maji ya sabuni, asubuhi nikalisugua kwa brashi mpaka maji yakawa rangi ya uji wa ulezi. Likatoka safi kama jipya. Chini ya kifuniko, mahali nilipokuwa nimeona herufi tatu na mwaka, palibaki doa la kijivu. Mpaka leo sijui nani alilishona. Pangusa vumbi kwa brashi laini kavu, lianike kivulini siku mbili, basi.

Hatua ya 2: Jua umeshika nini

Mahali pa muhuri hutegemea aina ya mfuko, kwa hiyo tambua aina kwanza. Utakayokutana nayo zaidi ni ya mtindo wa 1937: shanta dogo lenye kitambaa cha kuligawa kwa ndani, shanta kubwa ambalo ndani ni wazi tu, na vifuko vya risasi vya kifuani. Kabla yake kulikuwa na mtindo wa 1908, ambao ndio askari wengi wa miguu walikwenda nao Vita vya Kwanza. Mtindo wa 1944 ulibuniwa kwa misitu ya Asia: mwepesi, wa kijani kilichoiva, umetiwa dawa ya kuzuia kuoza. Baadaye ukaja wa 1958.

Kwenye mashanta, funua kifuniko utazame upande wake wa ndani. Mkoba wa barakoa ya gesi ni hivyo hivyo. Vifuko vya risasi, tazama ndani ya kifuniko kisha mgongoni. Mikanda ya kubebea ina muhuri wake peke yake, na mara nyingi si wa mtengenezaji yule yule, maana jeshini vitu vilichanganywa stoo. Usiuchukue muhuri wa mkanda ukadhani unamtaja aliyelishona shanta.

Hatua ya 3: Mwanga wa pembeni

Zima taa ya chumba. Tandaza kifuniko mezani, laza tochi ya simu ubavu kwa ubavu na kitambaa ili mwanga upite juu ya nyuzi badala ya kuzipiga usoni, kisha izungushe taratibu kama akrabu ya saa. Kuna pembe moja ambapo herufi zitajitokeza. Hapo hapo piga picha, kisha kwenye simu ondoa rangi na uongeze tofauti ya weusi na weupe. Wiki hii nilikuwa na kifuniko ambacho kwa macho kilikuwa kitupu kabisa, tochi ilipofika upande wa mshono wa kulia ikajitokeza "M.W.&S.", na chini yake "194" na tarakimu ya mwisho iliyokatika katikati. Ilikuwa 3 au 8? Ukikwama hivyo tazama upande wa kushoto wa tarakimu: 3 iko wazi, 8 imefunga. Yangu ilikuwa wazi.

Kikwazo kikubwa ni Blanco, ile rangi ya kupaka ambayo askari walilazimishwa kupaka vifaa vyao vya turubai kabla ya gwaride. Tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, muhuri ukazikwa. Upande wa ndani wa kifuniko mara nyingi ulinusurika kwa sababu sajini hakuwa anautazama.

Hatua ya 4: Soma herufi

Muhuri wa kawaida wa wakati wa vita huwa na kifupi cha jina la kampuni, mwaka, na mshale. Hivi ndivyo nimevishika mwenyewe mara kwa mara:

M.E.Co. ni Mills Equipment Company ya London, na ndiyo utakayoiona kuliko zote. Jina linatokana na Anson Mills, mwanajeshi wa Marekani aliyebuni mkanda wa risasi uliofumwa badala ya kushonwa. Kutoka hapo ndipo ilipokuja webingi, yaani pamba nene iliyofumwa moja kwa moja katika umbo la mkanda.

M.W.&S. ni M. Wright & Sons wa Quorn, kijiji kilicho kaskazini ya hapa Leicester, kwenye njia ya Loughborough. Nakiri nina upendeleo nao. 1914 jeshi lilipofurika watu wa kujitolea, Mills na Wright hawakuweza kufuma haraka ya kutosha, ndiyo maana ukatolewa mtindo wa 1914 wa ngozi. Ukikuta seti ya ngozi ya vita vile, chanzo chake ni viwanda vya kufuma vilivyoelemewa na kazi.

B.H.G. Ltd ni Barrow Hepburn & Gale, watu wa ngozi wa Bermondsey. W.&G. Ltd ni Waring & Gillow, ambao kabla ya vita walijulikana kwa samani za nyumba za kitajiri. Vita vilimshonesha kila mwenye cherehani nzito.

Pembeni unaweza kukuta muhuri mwingine mdogo zaidi, mshale na herufi na namba. Huo ni wa mkaguzi aliyeipokea kazi. Wageni wengi huhangaika kuutafutia kampuni, kumbe ni mtu mmoja aliyekuwa na kidude cha wino mkononi.

Hatua ya 5: Mshale una majirani

Mshale ukiwa peke yake, au kati ya W na D (War Department, idara ya vita), ni wa Uingereza. Ukiwa ndani ya C ni Kanada. Ndani ya U ni Afrika Kusini ya enzi ilipoitwa Union of South Africa. Kati ya D mbili ni Australia, kati ya N na Z ni New Zealand, ukiwa na I ni India. Mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha maana yake kifaa kiliondolewa jeshini kikauzwa. Taji juu ya A.M. ni mali ya wizara ya anga, na webingi ya jeshi la anga ni ya buluu-kijivu, si kaki.

Hatua ya 6: Muhuri ukubaliane na kitambaa

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Siku hizi yanashonwa mashanta mapya kwa ajili ya waigizaji wa vita na filamu, kazi halali kabisa, mpaka mjanja mmoja anapoyasugua kwa chai na mchanga.

Washa tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Uzi wa kisasa hung'aa buluu kama jino kwenye disko kwa sababu ya kemikali za kung'arisha; pamba ya wakati wa vita hubaki imezubaa. Angalia tu: shanta la kweli lililofuliwa kwa sabuni ya unga ya leo nalo litang'aa, ila litang'aa lote, si mishono peke yake. Kisha vuta uzi mfupi uliokwisha kujitokeza, uchome mbali na shanta. Pamba inaacha majivu laini. Uzi wa plastiki unajikunja kuwa kitone kigumu.

Sumaku usiiamini sana. Wengi wanasema bizimu ikinata ni bandia, kwa kuwa za asili ni za shaba. Lakini vita vilikula shaba, na vipo vifaa halali vyenye bizimu za chuma kilichopakwa rangi nyeusi.

Na wino: wa zamani umezama ndani ya nyuzi na kingo zake zimetawanyika. Wa kuiga hukaa juu juu, mweusi tii, na herufi zimenyooka kama zimetoka kwenye kompyuta, maana ndiko zilikotoka.

Maswali ya wanachama

Mama Zuhura: Fundi, habari za kazi. Langu lina 8465-99 na tarakimu saba baada yake, jina la kampuni silioni.
Jibu: Salama, dada. Hiyo ni namba ya ugavi ya NATO, kwa hiyo hapo umeshatoka kwenye Vita vya Pili. 8465 ni kundi la vifaa vya askari binafsi, 99 ni Uingereza. Zile saba ndizo za kifaa chenyewe. Kampuni, kama ipo, itafute kwenye mstari wa juu au wa chini ya namba.

Kijana wa Nyali: Shikamoo mzee. Babu yangu alikuwa Keya (King's African Rifles), alipigana Burma. Tumekuta kabatini mkoba wenye mshale ndani ya U. Ina maana alihamia jeshi la Afrika Kusini?
Jibu: Marahaba, mwanangu. La hasha. Muhuri unasema ulikoshonwa na serikali iliyoulipia, haumfuati aliyeubeba. Wanajeshi wa Afrika Kusini walikuja Kenya 1940 kwa ajili ya vita dhidi ya Waitaliano huko Somalia na Uhabeshi, na vifaa vyao vilikuja navyo. Mkoba ungeweza kumfikia babu stoo, au kwa kubadilishana, au hata kuuziwa baada ya vita. Tafuta namba ya askari iliyoandikwa kwa mkono ndani ya kifuniko, uilinganishe na namba kwenye karatasi zake za kuachishwa jeshi kama mnazo. Zikilingana, funga mjadala.

Mshonaji: Langu lina namba ya askari iliyoandikwa kwa mkono, inaanza na 14, tarakimu nane. Muhuri ni 1941. Inawezekanaje?
Jibu: Inawezekana sana. Namba za milioni 14 zilianza kutolewa 1942 kwa waliopitia General Service Corps, kikosi walikoandikishwa askari wapya kabla ya kugawiwa vikosi vyao. Shanta lilishonwa 1941, likasubiri, au alikuwa nalo mwingine kwanza. Angalia kama kuna jina lililokatwa kwa mstari juu ya namba hiyo.

Abuu K.: Nimetajiwa pauni 90 kwa begi lenye mshale mkubwa mweusi nje, katikati ya kifuniko. Nichukue?
Jibu: Kama umelipendea mtindo, hiari yako. Kama ni kwa ajili ya historia, acha. Alama za mashanta haya hukaa ndani. Mishale mikubwa ya nje utaikuta kwenye mahema na masanduku, na kwenye maduka ya vijana.

Bi Saida: Mkoba wa barakoa niliununua na barakoa yake ndani. Watoto wanauchezea.
Jibu: Bi Saida, uchukue leo hii. Vichujio vya barakoa za Uingereza za wakati ule vingi vina asbesto, na vumbi lake linaweza kuwa limeingia kwenye kitambaa. Usiukung'ute, usiupige brashi, usiufyonze kwa mashine ya vumbi, na ile hatua yangu ya 1 hapa haihusiki. Uweke kila kitu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, ufunge vizuri, uipigie halmashauri yako uulize wanavyopokea asbesto. Muhuri wake tuuache.

Mshonaji: Samahani, narudi tena. Kifuniko kimechanika karibu kabisa na muhuri. Nikishone vipi?
Jibu: Tia kiraka cha pamba kwa nyuma, sindano ipite nje ya wino japo kwa upana wa kidole, uzi wa pamba uliopakwa nta. Kabla ya mshono wa kwanza, piga picha ya muhuri ukiwa na rula pembeni.