Shule Inapotaka Kumpima Mtoto Wako kwa Ajili ya Elimu Maalumu Nchini Marekani

Mzazi aliyehamia Marekani kutoka Kongo, au kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nchini Tanzania, anaweza kuletewa barua ya shule inayoomba saini yake ili mtoto apimwe kama anahitaji elimu maalumu. Usitie saini papo hapo, wala usiitupe.

Tahadhari hii ina historia. Kesi ya Diana huko California, iliyomalizwa kwa makubaliano mwaka 1970, iliwahusu watoto wa nyumba zinazosema Kihispania waliopimwa akili kwa Kiingereza na kupelekwa madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1979, katika kesi ya Larry P., jaji alizuia vipimo vya akili kutumiwa kuwapeleka watoto weusi katika madarasa kama hayo.

Kwanza, uliza kwa maandishi mtoto atapimwa kwa lugha gani. Sheria ya shirikisho iitwayo IDEA, inayohusu elimu ya watoto wenye ulemavu, inataka vipimo vifanywe kwa lugha ya mtoto kila inapowezekana, na inakataza mtoto kuhesabiwa mlemavu ikiwa sababu kuu ni kutojua Kiingereza vizuri au kukosa mafundisho ya kufaa ya kusoma na hesabu. Eleza basi miaka aliyokaa bila shule. Taja pia lugha ya nyumbani kwa jina lake, kwa sababu mtoto wa Fizi, mashariki mwa Kongo, aliyelelewa kwa Kibembe, akiletewa mkalimani wa Kiswahili sanifu, bado hajapimwa kwa lugha yake. Akionyeshwa picha ya koleo la theluji akajibu "jembe", mpimaji asiyejua alikotoka mtoto huyo anaweza kuandika kosa mahali ambapo hakuna upungufu wowote wa akili.

Katika kikao cha kuandaa mpango wa elimu yake maalumu, ambao walimu huuita IEP, shule ndiyo yenye wajibu wa kukutafutia mkalimani ukimhitaji. Usikubali mtoto wako mwenyewe atafsiri habari zake. Usiporidhika na matokeo, omba tathmini huru, yaani ya mtaalamu asiyeajiriwa na shule, kwa gharama ya shule. Shule italazimika ama kuilipia ama kuitetea tathmini yake mbele ya msikilizaji wa mashauri, yaani afisa asiyependelea upande wowote anayeamua mgogoro kati ya mzazi na shule.

Kosa la upande wa pili nalo lipo: mtoto mwenye shida ya kweli huambiwa asubiri mpaka ajue Kiingereza. Ikiwa alichelewa kusema hata Kibembe, au hasikii vizuri, omba wewe mwenyewe apimwe, kwa barua yenye tarehe, na ubaki na nakala. Ridhaa ya kupimwa si ridhaa ya kupewa huduma. Hiyo ya pili huombwa peke yake, na ukishaitoa unaweza kuiondoa kwa maandishi.