Kucha za magogo kwenye kijiko kidogo, kwa anayeondoa mikorosho

Mkorosho mzee ni mgumu kubeba kuliko msaji. Msaji ukikatwa unalala umenyooka kama nguzo, na katikati yake unaiona kwa macho. Mkorosho unaanza kutawanya matawi kabla haujafika hata kiunoni mwa mtu, na kila tawi linakwenda linakotaka. Ukiukata unapata magogo yenye panda, yenye nundu, mengine yamepinda kama mundu. Ndiyo kazi yangu huku Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara: wenye mashamba wanaondoa mikorosho iliyochoka ili wapande miche mipya mvua za Desemba zikishika, nami naingia kuanzia Agosti, majirani bado wanapuliza salfa, nasogeza magogo kwa kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, cha tani 5. Haya namwandikia opereta mwenzangu aliyezoea baketi na sasa amekabidhiwa kucha, yale makoleo ya kushikia magogo yanayofungwa mahali pa baketi, kwa mara ya kwanza.

Kabla hujachomoa pini ya baketi, toa presha. Laza baketi chini, zima injini, rudisha swichi bila kuwasha, halafu chezesha liva zote na ile pedali ya hosi za ziada mara nne tano. Usipofanya hivyo, hosi hazitaingia kwenye viungio, au zitakurushia mafuta ya moto usoni. Mchanga wa huku kwetu ni mwekundu na laini, unapenya kila mahali, kwa hiyo futa viungio vyote kwa kitambaa kisafi, vya kijiko na vya kucha. Punje zikiingia kwenye mafuta zinatafuna pampu taratibu, na pampu ndiyo moyo wa mtambo.

Kama kijiko kilikuwa kinapigia nyundo ya kuvunjia mawe, kuna jambo wengi hulisahau. Nyundo inahitaji mafuta yaende upande mmoja tu na kurudi moja kwa moja kwenye tangi. Kucha zinahitaji yaende na kurudi pande zote mbili, kufunga na kufungua. Kuna valvu ya kubadilisha hilo. Itafute na uigeuze kabla ya kuwasha. Nimeona watu wakimaliza asubuhi nzima wakisema silinda ya kucha imekufa, kumbe valvu.

Ukishafunga, hakikisha pini ya usalama imeingia yote, kisha fungua na ufunge kucha mara kumi karibu na ardhi, injini ikiwa taratibu, hewa itoke. Kunja mkono hadi mwisho, unyooshe hadi mwisho, huku mtu akikuangalizia hosi kutoka mbali. Hosi ndefu mno itanaswa na tawi, fupi mno itang'oka. Pima mafuta ya haidroliki tena, maana silinda ya kucha imekunywa kiasi chake.

Ukiona unyevu kwenye hosi, nakuomba sana usipapase kwa kiganja. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa presha ile yanatoboa ngozi. Jeraha linaonekana kama umechomwa na mwiba, lakini mafuta yameshaingia nyamani, na mkono unaweza kukatwa. Pitisha kipande cha boksi mahali pale, kikilowa umepata tundu. Na mtu akitobolewa, apelekwe hospitali saa ileile, hata kama haoni maumivu.

Sasa uzito. Chukua unene wa gogo kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe kwa urefu, halafu mara 0.785. Hapo una mita za ujazo. Mti mbichi mimi nauhesabu kilo 1,000 kwa kila mita ya ujazo, ili nikikosea nikosee upande wa usalama. Gogo la mita 3 lenye unene wa sentimita 50 linakuja karibu kilo 590. La urefu huohuo lenye sentimita 25 ni kama kilo 147, robo tu. Kwa hiyo linalokuponza ni unene kuliko urefu. Nenda kwenye chati ya uzito iliyobandikwa kwenye kebini, tazama kijiko kinabeba kilo ngapi kwa umbali ule, kisha toa uzito wa kucha zenyewe. Zangu, pamoja na mota ya kuzungusha, ni kilo 230. Tazama pia safu ya kubebea ubavuni, maana ubavuni kijiko hiki ni dhaifu kuliko mbele kikiwa kimeshusha bledi, lile bamba la kusukumia udongo. Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inakudanganya: ukisimama katikati ya visiki viwili, kila kimoja kiko mita 6, na mkono ulionyooka unaweza kukifikia. Kufikia si kubeba. Sogea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi lilinigharimu. Shamba moja la bibi mtu mzima, gogo lenye panda nililishika katikati ya urefu wake, sawasawa kabisa kwa kuangalia. Nikainua. Lilipotoka tu ardhini likajigeuza ndani ya kucha, upande wa panda ukashuka, ncha nyembamba ikapanda na kufagia kama mkia, ikapiga kioo cha kulia cha kebini. Utingo wangu alikuwa amekwenda kunywa maji. Dakika mbili kabla alikuwa amesimama palepale ncha ilipopita. Nilizima mtambo nikakaa, mikono inatetemeka.

Yule bibi akaja polepole, akalitazama gogo, akasema: "Mwanangu, gogo lina tumbo. Wewe umelishika shingoni. Sisi tunaobeba kuni kichwani tunalijua hilo tangu wasichana."

Tangu siku ile natafuta tumbo. Kwenye gogo lenye panda, tumbo liko karibu na panda, si katikati. Kwenye gogo lililopinda, liko upande wa ndani wa upindo, pengine hewani kabisa nje ya mti, na gogo litazunguka mpaka upande huo wa ndani utazame chini. Basi lizungushe kabla ya kuinua: lisukume kwa mgongo wa kucha mpaka lilale jinsi linavyotaka lenyewe. Kisha shuka nalo wima, kucha zikiwa wazi, ncha zipite ubavuni na kuingia chini ya gogo, ndipo ufunge. Ukiokota kwa ncha juu ya maganda, maganda ya mkorosho yatabanduka na gogo litaponyoka. Inua shubiri moja. Subiri. Likiinama upande mmoja, lishushe, sogeza kucha kwa kadiri ya dhiraa kuelekea upande uliozama, inua tena. Mara nyingi mara ya pili inatosha. Ile subira ya pumzi tatu gogo likiwa shubiri moja juu ya ardhi ndiyo ninayomsisitizia kila kijana anayekaa kwenye kiti changu.

Likitulia, libebe chini chini, mbele yako, si ubavuni, na uendeshe taratibu. Usilivute gogo kwa kuzungusha kebini, wala usitumie kucha kama mtaimbo wa kung'olea kisiki. Mota ya kuzungusha haikuumbwa kwa kusukumwa ubavu, na mihimili yake ikipinda hakuna fundi wa karibu. Kisiki kifanyie baketi. Utingo asikaribie kuliko urefu wa mkono wa kijiko mara mbili, na asiguse gogo mpaka kucha zimefunguka na wewe umetoa mikono kwenye liva. Tukubaliane ishara moja tu: akiinua mkono, nasimama, hata kama sijui kwa nini.

Wakati wa kupakia, gogo lisipite juu ya kebini ya lori, na dereva ashuke akae mbali. Manene chini, yaliyopinda juu katikati ya mengine, yasiache nafasi ya kubiringika. Na kabla lori halijaondoka muulize mwenye mzigo kama ana hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile TP, kwa sababu kizuizini watauliza.

Jioni laza kucha chini zikiwa zimefungwa, kunja silinda zote ndani kadiri zinavyokunjika. Mimi nalala Mikindani siku nyingine, na upepo wa bahari unaleta chumvi inayokula vyuma vya silinda vilivyoachwa nje. Pampu ya grisi naiweka nyuma ya kiti. Pini za kucha nazipiga asubuhi, kabla ya chai, na tena saa nane mchana, mpaka grisi mpya itoke pembeni ikisukuma ile nyeusi yenye mchanga.