Ukitembea baada ya mshtuko wa moyo, ongea
Daktari akisharuhusu matembezi, pima kasi kwa maneno: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, lakini kuimba kukakushinda, mwendo huo unatosha. Ukikwama katikati ya sentensi, punguza. Kuhesabu mapigo hakusaidii sana kwa anayemeza dawa za moyo kama atenololi au bisoprololi, kwani huyashusha hata ukijitahidi. Hapa Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, aliyetoka Mombasa juzi atahema mapema. Mwinuko wa kuelekea kreta ya Menengai usubiri kwanza. Nenda na mtu wa kupiga naye gumzo, hofu nayo hupungua. Kipimo hiki hakikamati maumivu ya kifua, kizunguzungu wala jasho baridi: simama papo hapo, na maumivu yasipoisha upelekwe hospitali mara moja.