Jinsi ya kuapdeti SIMH inayoendesha VAX kwenye seva ya Linux bila kuhatarisha data

Wakuu habari za muda huu. Hii ni kwa wenzangu mnaolea mfumo wa zamani wa VAX (kompyuta za kampuni ya DEC) ambao bado unapiga kazi, ila mashine yenyewe ilishaondoka siku nyingi na sasa kila kitu kinakimbia ndani ya SIMH, emyuleta yaani programu inayoiga kompyuta za zamani, kwenye seva ya Linux. Imefika wakati wa kuapdeti SIMH yenyewe, labda Linux ya chini inabadilishwa, labda mnahama seva, labda toleo mlilonalo ni lile la 3.8 lililokaa kwenye pakeji za Debian miaka nenda rudi na hakuna anayekumbuka nani aliliweka.

Kitu kimoja mkikishika hapa vingine vyote vitafuata: SIMH ndio mashine, lile faili la diski ndio kazi yenu yote. SIMH unaipata tena kwa git clone dakika mbili tu, ila programu iliyoandikwa na mzee aliyestaafu kitambo, na rekodi zilizomo, hizo huzipati popote tena. Kwa hiyo programu mpya isiliguse faili halisi la diski mpaka ijithibitishe kwenye kopi. Nasisitiza hilo maana emyuleta ikiwaka vizuri mara ya kwanza watu wanaona kazi imeisha.

Kwa asiyeijua, SIMH ilianzishwa na Bob Supnik mwaka 1993, na huyu bwana aliwahi kufanya kazi DEC kwenyewe kwenye chipu za MicroVAX, kwa hiyo anachokiiga anakijua kutoka ndani. Ile programu inayoitwa `vax` inaiga MicroVAX 3900. Mimi nachukulia ndani mna mfumo endeshi wa OpenVMS (kwa kifupi VMS), na kwa VAX toleo la mwisho ni 7.3 la mwaka 2001. Kama ni NetBSD hatua ni zile zile, komandi za ndani tu ndio zinabadilika.

Hatua ya 1: jua una nini sasa hivi

Nenda kwenye terminali ilipowashiwa SIMH, bonyeza Ctrl-E. Utatua kwenye `sim>`. Angalizo, hapo mashine nzima imeganda, watumiaji wote wameganda nayo, kwa hiyo fanya muda ambao hakuna mtu kazini. Halafu andika:

```
show version
show cpu
show rq
show xq
cont
```

Kopi majibu yote uyaweke kwenye faili. `show version` ikikupa `git commit id` iandike hiyo namba yote, kwa sababu "toleo la 4" peke yake haikuambii kitu, SIMH 4 imekaa miaka ikibadilika kidogo kidogo chini ya namba ile ile. `cont` inairudisha mashine kazini.

Ukiwa ndani ya VMS chukua na hizi pia: `SHOW CPU`, `SHOW MEMORY`, `SHOW ERROR`, `SHOW LICENSE`, `SHOW DEVICE D`. Hizi ndio utakuja kulinganisha nazo baadaye, bila hizi utakuwa unabahatisha tu kama mambo yako sawa.

Hatua ya 2: zima kistaarabu ndio uchukue bekapu

Kukopi faili la diski wakati VMS inakimbia sio bekapu, utapata diski ambayo nusu ni ya sasa hivi nusu ni ya dakika tatu zilizopita. Zima kwa `@SYS$SYSTEM:SHUTDOWN`, subiri mpaka konsoli iseme SYSTEM SHUTDOWN COMPLETE, ndio Ctrl-E, ndio `exit`.

Sasa kopi folda zima, sio diski peke yake. Yani diski, `vax.ini`, na lile faili la nvram, ambalo watu wengi wanalisahau kwa sababu ni dogo sana. Humo ndimo mashine inakumbuka inawaka kutoka diski gani. Ukiwasha ukakuta inakuuliza uchague lugha, ujue nvram haijaonekana, ama umeisahau ama umeiwashia kwenye folda lingine.

```
cp -a --sparse=always /srv/vax /srv/vax-bekapu
sha256sum /srv/vax/*.dsk /srv/vax-bekapu/*.dsk
ls -l /srv/vax
```

Namba za sha256 zifanane. Na ukubwa wa faili kwa baiti uandike pembeni, nitakuambia sababu muda si mrefu. Diski ya RA92 ikijaa kabisa ni baiti 1,505,766,912, faili likiwa dogo kuliko hapo usiogope, SIMH inalikuza kadiri linavyoandikwa.

Kuna wanaotegemea ile komandi ya `save` ya SIMH inayohifadhi hali ya mashine ilivyo. Kwa kazi hii achana nayo, hilo faili linafungamana na toleo lililoliandika na toleo jipya linaweza kulikataa. Snapshoti ya haipavaiza nayo ni nzuri kama nyongeza, ila hakikisha VMS imezimwa kwanza.

Hatua ya 3: chagua unaitoa wapi

Mwaka 2022 SIMH iligawanyika. Kwenye ile kodi (source code) ya mwanzo kuliingia mabadiliko ambayo ukiattach diski programu inaongeza taarifa zake mwishoni mwa faili, watu wakalalamika, kwenye leseni nako pakaguswa, na matokeo yake ni kundi la Open SIMH lililoendelea na kodi chini ya leseni ya MIT. Mimi natumia Open SIMH na ndiyo ninayoielekeza hapa. Kwangu faili la diski ni ushahidi, lisiongezewe kitu na mtu yeyote isipokuwa VMS yenyewe. Hii ndio sababu nilisema uandike ukubwa wa faili, maana kama emyuleta yoyote imelichezea utaliona limeongezeka bila VMS kuandika chochote.

Hatua ya 4: kompaili

Fanyia kwenye mashine ya majaribio yenye Linux ile ile na toleo lile lile kama seva yenyewe. Ukikompailia kwenye Ubuntu mpya halafu ukapeleka kwenye seva ya zamani itakugomea na ujumbe wa GLIBC haijapatikana.

```
sudo apt install git build-essential libpcap-dev
git clone https://github.com/open-simh/simh.git
cd simh
git log -1
make vax
```

Hiyo `libpcap-dev` isikose, bila hiyo programu itakompailika vizuri tu ila netiweki ya kupitia kadi ya seva hutaipata. Ikimaliza inajifanyia majaribio yenyewe, yanachukua muda kidogo, yaache yaishe. Matokeo yako ndani ya folda la `BIN`.

Hatua ya 5: weka pembeni ya ile ya zamani, usiifute

```
sudo mkdir -p /opt/simh/mpya
sudo cp BIN/vax /opt/simh/mpya/vax
sudo setcap cap_net_raw,cap_net_admin=eip /opt/simh/mpya/vax
```

Hapo kwenye `setcap` ndipo wengi wanapokwama. Ruhusa hiyo inakaa kwenye faili lenyewe, kwa hiyo kila ukileta faili jipya ruhusa inabaki kwa la zamani, unawasha SIMH inakuambia haiwezi kufungua kadi ya netiweki na unaanza kuilaumu apdeti wakati shida ni ruhusa. Na `setcap` haikubali linki, mpe njia ya faili halisi.

Hatua ya 6: washa kopi, ila ifungie ndani

Hapa tutakaa kidogo. Kopi ya VMS haijui kwamba ni kopi. Ikiwaka itajiona ndio mashine yenyewe, itachukua IP ile ile, itaanzisha foleni za printa, kazi za usiku zilizokuwa zinasubiri muda wake zitaanza, na kama ina kawaida ya kutuma faili sehemu itatuma tena. Na kama mnatumia DECnet, netiweki ya DEC wenyewe, ni zaidi, kwa sababu DECnet Phase IV inabadilisha MAC ya kadi kuwa AA-00-04-00 ikifuatiwa na anwani ya nodi, kwa hiyo utakuwa na mashine mbili zenye MAC moja kwenye swichi moja.

Basi tengeneza kopi ya tatu, `/srv/vax-jaribio`, fungua `vax.ini` yake na uzuie mstari wa `attach xq` (kadi ya netiweki) kwa kuweka `;` mwanzoni, badilisha na namba za poti za telnet. Itakuwa kama hivi:

```
attach nvr nvram.bin
set cpu 128m
set cpu idle=vms
set rq0 ra92
attach rq0 d0.dsk
; attach xq ens18
set console telnet=2399
boot cpu
```

Kama `vax.ini` yako ya zamani ina `load -r ka655x.bin` kwenye toleo la 4 sio lazima, ROM imo ndani tayari. Aina ya diski iandike wazi kabla ya `attach`, usiiachie programu ikisie.

Washa ukiwa ndani ya folda hilo la jaribio:

```
cd /srv/vax-jaribio
/opt/simh/mpya/vax vax.ini
```

Ungana na konsoli kwa `telnet localhost 2399`. Utaona mashine inajipima inahesabu kurudi nyuma 40..39..38.. mpaka mwisho. Kama kwenye nvram imeshawekwa iwake yenyewe itapitiliza, wewe iwahi kwa kubonyeza Ctrl-E kule kwenye `sim>` kisha `exit`, zuia mstari wa `attach nvr` kwenye `vax.ini` ya jaribio na uwashe tena, ili ikuache kwenye `>>>`. Mara ya kwanza usiiwashe mzima mzima, iwashe kidogo:

```
>>> B/R5:1 DUA0
SYSBOOT> SET STARTUP_P1 "MIN"
SYSBOOT> SET WRITESYSPARAMS 0
SYSBOOT> CONTINUE
```

Hiyo inaiwasha VMS bila foleni wala programu zenu, na ile `WRITESYSPARAMS 0` inazuia mabadiliko hayo yasihifadhiwe, boot inayofuata inarudi kawaida.

Hatua ya 7: linganisha

Ingia kama SYSTEM, anza na `ANALYZE/DISK_STRUCTURE DUA0:`, bila `/REPAIR`, unataka kuona tu. Halafu pitia zile komandi za hatua ya 1 moja moja. `SHOW CPU` itazame kwa makini, jina la modeli lifanane na la zamani neno kwa neno, kwa sababu leseni za VMS zinaangalia modeli na mashine ikijitaja VAXserver badala ya MicroVAX unaweza kukuta watu hawawezi kuingia. Leseni yenyewe hakikisheni mnayo ya kwenu, ule mpango wa HPE wa leseni za bure kwa wapenzi wa VAX ulishafungwa.

`SHOW TIME` nayo. Saa ya VAX ni kaunta ya biti 32 inayohesabu kila milisekunde 10, inajaa baada ya siku kama 497, kwa hiyo mashine yenyewe haijui mwaka, mwaka VMS inautunza kwenye diski. Ukikuta tarehe imeruka weka sahihi kwa `SET TIME` kabla ya kuruhusu kazi yoyote.

Upande wa Linux fungua `top`. VMS ikiwa haina kazi SIMH isile CPU yote, ikila 100% ujue `set cpu idle=vms` haijashika. Ukiridhika zima, washa tena kikamilifu bila MIN, bado netiweki imefungwa, na umwite mtumiaji mwenyewe wa mfumo aendeshe ripoti anayoijua. Yeye ataona kosa ambalo mimi na wewe tutalipita.

Hatua ya 8: hamia

Zima mfumo halisi kama hatua ya 2, chukua bekapu mpya maana ile ya kwanza imeshapitwa, halafu geuza linki, nachukulia ile ya zamani iko `/opt/simh/zamani`:

```
sudo ln -sfn /opt/simh/mpya /opt/simh/sasa
cd /srv/vax && /opt/simh/sasa/vax vax.ini
```

Kama SIMH inawashwa na systemd ongeza `set console telnet=buffered` kwenye `vax.ini`, bila hiyo inakaa inasubiri mtu aunge telnet ndio iendelee, na seva ikijizima usiku kwa umeme mtaikuta asubuhi bado inasubiri. Hiyo poti ifungeni kwa faiawoli pia, telnet haina siri yoyote.

Netiweki ikikataa andika `show ethernet` kwenye `sim>` uone majina ya kadi, Linux mpya haiiti tena eth0. Mkiwa ndani ya VMware ruhusuni promiscuous mode kwenye swichi ya ndani, la sivyo pakiti za MAC ya DECnet hazifiki. Na kama seva yenyewe ndiyo inashindwa kuongea na VAX wakati mashine nyingine zote zinaongea nayo, hiyo ni kawaida ya pcap, tumia tap na bridge.

Ya zamani iache pale pale mpaka mfunge hesabu za mwezi mzima kwenye mpya bila tatizo. Kurudi ni kuzima VMS, `ln -sfn /opt/simh/zamani /opt/simh/sasa`, na kuwasha juu ya diski ile ile, hamtapoteza kilichoandikwa katikati. Ila kabla ya kuwasha angalia ukubwa wa faili la diski kwanza, ukizidi ule wa RA92 usiwashe, fanyia kwanza kwenye kopi.