Spageti ya furu (oveni) kwa familia, hata kama nyumbani hauna furu

Bamama, badada, na nyinyi bababa munapikaka, hii chakula inawezekana kabisa hapa Goma bila furu ya umeme. Babula (jiko ya makala), makala, sufuria mbili na mfuniko wa chuma, basi. Ninaandika ya watu sita hivi, kama kwenu batoto banakula sana ongeza.

Tafuta spageti paketi moja ya gramu 500, nyama ya ng'ombe ya kusaga nusu kilo, tomati mbivu nane, tomati ya kopo ile ndogo moja, bitunguu bibili, saumu, puavro (pilipili hoho) moja, seleri kidogo, mayai mawili, maziwa kikombe kimoja, mafuta, chumvi. Na fromaje (jibini) ya Masisi, kule milimani karibu na Goma, gramu 250 hivi. Mimi sitafutake ingine, ile ya Masisi inayeyuka vizuri na inavutika. Barabara ikifungwa inapanda bei, hapo punguza ile ya katikati lakini ya juu usiiguse.

Hatua ya 1, mchuzi. Anza na nyama peke yake, ikauke maji yake yote na ianze kushika rangi, njo uweke bitunguu, saumu na puavro. Ukitanguliza bitunguu nyama inachemka tu ndani ya maji, haipate ile ladha ya kukaanga. Kisha tomati na ya kopo, kaanga mpaka mafuta ipande juu, weka seleri na chumvi, halafu ongeza maji bilauri moja nzima. Ndiyo, nzima. Mchuzi lazima ibakie majimaji kuliko ile munakulaka na spageti ya kawaida, juu spageti itaendelea kuinywa mu moto, na pale njo watu wengi wanaharibia, inatoka kavu mpaka inakwama mu koo.

Hatua ya 2, spageti. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu inachemka kwa digrii 95 hivi, haifike 100, kwa hiyo zile dakika za ku paketi usizifuate sana. Toa moja, ikate, angalia katikati: ukiona kanukta keupe, mwaga maji saa ileile. Usingoje ilainike, kazi ingine itaisha mu moto. Iache ipoe kidogo kisha changanya na mayai na maziwa uliyopiga pamoja, ikiwa ya moto sana mayai itaiva palepale na haitashikanisha kitu.

Hatua ya 3. Paka mafuta sufuria ndogo mpaka ku kingo. Nusu ya spageti, nusu ya nyama, fromaje kidogo, rudia, na fromaje ingine yote juu. Ikwaruze ingali baridi.

Hatua ya 4, moto, na hapa tupole. Mu sufuria kubwa panga bijiwe bidogo bya kukauka kabisa (tuko na mawe ya volkano kila pahali, lakini jiwe lenye maji ndani inaweza kupasuka), weka sufuria ndogo juu yake, funika ile kubwa na mfuniko wa chuma usiokuwa na plastiki. Makala ishike vizuri kwanza, ipate majivu meupe. Kisha chini acha kidogo, mingi panga juu ya mfuniko, kwa sababu moto ya chini ikizidi inaunguza na fromaje bado iko mbichi. Fanyia inje ao mlango wazi kabisa, hewa ya makala haina harufu na inauaka watu mu nyumba ya kufungwa, usijaribu hata kama kunanyesha.

Dakika 30 mpaka 40. Dakika 20 zikipita fungua polepole uangalie, majivu isianguke ndani. Iko tayari wakati fromaje imepata madoa ya kahawia na mchuzi inachemka pembeni. Wenye furu ya kweli: digrii 180, dakika 30.

Ikitoka usikate. Batoto balie, bangoje, dakika 15, ikatike bipande bya kusimama. Ikibakia, kesho iweke mu kikaango na matone ya maji, funika, moto mudogo.